Sahani Aliyoifunika Oliva

Wasikilizaji wapendwa, habari za mchana huu wa Jumapili. Najua saa hizi sahani ziko mbele yenu. Kuna aliyeshika tonge, kuna aliyerudi kanisani sasa hivi na bado anasubiri mama apakue. Kuleni tu, msiningoje. Mimi ni Tadea, yule yule mnayemlalamikia kwamba anaongea mpaka mboga inapoa. Leo naongea habari za chakula, na nawaambia mapema kwamba kuna mahali mtaogopa. Mimi mwenyewe niliposimuliwa niliogopa.

Tunamkumbuka Mzee Bartholomayo Elias, wa Matiri. Alikuwa katekista. Alikuwa mkulima wa kahawa. Amefariki mwezi huu, akiwa na umri wa miaka sabini na sita. Alifariki mchana, kwenye kiti chake, muda mfupi baada ya kula. Daktari alisema ni moyo. Naomba mlishike hilo, nitalirudia: ni moyo. Maana huku kwetu mtu akifa baada ya kula, swali la kwanza haliwi alikuwa anaumwa nini. Swali la kwanza ni nani alimpikia.

Aliyempikia anaitwa Oliva. Ni mkamwana wake, mke wa mwanawe Wolfgang, yule dereva wa malori ya makaa ya mawe kule Ngaka. Oliva si Mmatengo. Ni Mnyasa wa Liuli, mtoto wa wavuvi, alipanda milima kwa ajili ya ndoa, na kwa ajili ya ndoa hiyo hiyo akatoka Anglikana akaingia Katoliki. Alipofika Matiri, mama mkwe wake alikuwa ameshafariki. Kwa hiyo jiko la nyumba ile lilikuwa lake peke yake, na chochote kilichotoka jikoni humo kilikuwa na jina lake.

Sasa turudi nyuma miaka sita. Mzee Bartholomayo alikuwa mnene, ana kitambi cha heshima, kile tunachokisifia kwamba mtu katulia, watoto wanamtunza. Akaanza kuchoka. Akienda shambani anapumzika kila baada ya hatua chache. Upande wa kulia, chini ya mbavu, kukawa na uzito. Akapanda bodaboda mwenyewe mpaka Litembo hospitali, akapimwa, akapigwa ile picha ya tumbo. Majibu yakatoka: ini lenye mafuta. Narudia, wasikilizaji wapendwa. Ini lenye mafuta.

Muuguzi mmoja, Mektilda, alikaa naye akamweleza taratibu. Nimezungumza naye. Aliniambia, "Nilimwambia, babu, hili halikutokana na pombe. Ni mafuta, ni sukari, ni uzito. Ukilipuuza ini linaweza kuwa gumu, na tumbo likajaa maji. Ukipunguza chakula na ukitembea, linaweza kupona. Akaniitikia vizuri. Lakini niliona anaogopa."

Alikuwa anaogopa kwa sababu mbili, na zote mbili mtazielewa. Ya kwanza ni kwamba alikuwa katekista aliyeipinga komoni, pombe yetu ya kienyeji, maisha yake yote. Vijana wa Matiri walikuwa wakimwona mbali wanaficha vikombe. Sasa katekista huyo huyo aje aseme naumwa ini? Huku kwetu nani hajui kwamba ini ni ugonjwa wa wanywaji? Ndivyo tunavyosema, na tunasema bila kujua. Angechekwa mpaka kanisani.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Kaka yake mkubwa, marehemu Clemence, alikufa akiwa na tumbo lililojaa maji. Watu hawakusema ini. Walisema kalishwa, yaani katiliwa uchawi kwenye chakula. Wakamtafuta wa kumlisha, wakampata, kama wanavyopatikana siku zote. Alikuwa mjane wa jirani. Walimhamisha kijiji na vyombo vyake kichwani, na Bartholomayo, wakati huo kijana, alisimama njiani akaona. Tangu siku hiyo aliogopa neno tumbo. Akajiambia, nikinyamaza, hakuna atakayeguswa.

Akanyamaza. Akaanza kula nusu.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mnaijua heshima ya mkwe. Baba mkwe haingii jikoni kwa mkamwana. Hazungumzi naye habari za tumbo lake. Akitaka maji anamtuma mjukuu, akiwekewa chakula anashukuru akiwa anatazama pembeni. Kwa hiyo Mzee alimega ugali kidogo, akachovya kidogo, bakuli akalisukuma mbele likiwa limejaa. Hakusema neno.

Oliva ananiambia: "Kwetu Liuli mtu mzima akiacha chakula, maana yake hakijakolea. Mama yangu alinifundisha, mgonjwa asiyekula muongezee mafuta, chakula kiteleze chenyewe. Nikaongeza mafuta. Akaacha zaidi. Nikaanza kumkaangia mbasa, wale samaki wanaoletwa na ndugu zangu kutoka ziwani, wanaelea kwenye mafuta ya alizeti. Akawa anaangalia tu lile bakuli. Mimi nikaona, baba hanitaki."

Mnaona, jamani? Huyu anapunguza, yule anaongeza. Na kati yao hakuna aliyefungua mdomo, kwa heshima. Mimi heshima naipenda, lakini hii ilikuwa inaelekea kuua.

Mzee akaanza kukonda. Ndivyo alivyoambiwa, apungue, na alipungua. Lakini Matiri mtu akipungua hasifiwi. Kola ya shati ikawa pana. Kitambi kikaondoka. Watu wakaanza kumpa pole njiani bila kusema pole ya nini.

Kisha kuna sengu. Kwa nyie mliohamia Mbinga juzi, sengu ni mkusanyiko wa ukoo wetu sisi Wamatengo. Wanaume wanakutana kwa mkubwa wao, kila nyumba inaleta bakuli lake, wanakula pamoja, halafu wanazungumza ya ukoo. Wengi mmeiacha. Kwa akina Bartholomayo haikufa, na wana sheria yao: kila bakuli lazima liguswe. Ukiliruka bakuli la nyumba fulani, umeshaisema nyumba hiyo mbele ya wote.

Mzee Bartholomayo aliliruka la Oliva. Sio kwa ubaya. Ndilo lililokuwa na mafuta mengi kuliko yote. Aligusa maharage ya huyu, majani ya maboga ya yule, akafika kwenye mbasa wa Oliva, mkono ukasimama hewani, ukarudi. Watu wote waliuona ule mkono.

Mdogo wake Mzee, anaitwa Tarsisi, ndiye aliyeuona kuliko wote. Na Mzee Tarsisi, ambaye yuko hai na ananisikiliza sasa hivi, amenipa ruhusa niseme. Shikamoo baba. Aliniambia, "Mimi nilimzika Clemence. Nilipouona mkono wa kaka unarudi, nilijua. Nilijua kabisa. Hakuna kitu kibaya kama kujua kabisa."

Baada ya hapo Oliva alianza kuishi kwa woga, na woga wenyewe haukuja na kelele. Kwanza watoto wa jirani wakaacha kuja kula kwake. Wakija kucheza na binti yake Glorious, wakiitwa chakula wanakimbia. Kisha bombani, ndoo yake akiiweka kwenye foleni, ndoo ya mwenzake inasogezwa kando. Kisha kuku wake mmoja akafa, pale pale anapomwaga makombo. Kideri kilikuwa kimeingia Matiri nzima, kuku wanaanguka kila mji. Lakini aliyeangaliwa alikuwa kuku wa Oliva peke yake. Mtu alikuja akasimama, akamtazama yule kuku, akamtazama Oliva, akaondoka bila salamu.

Na mwisho Wolfgang. Alirudi kutoka Ngaka, vumbi la makaa limemjaa kwenye kope. Mkewe akamtengea maji, akampakulia. Wolfgang akasema, "Nimeshakula njiani." Kesho yake akasema hivyo hivyo. Siku ya tatu alinunua mkate dukani, akaula amesimama nje.

Oliva anasema, "Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nilianza kuonja chakula changu mwenyewe mbele ya mtoto, mbele ya mume, mbele ya ukuta. Nilikuwa naonja hata kama hakuna mtu. Ikafika mahali nikajiuliza, au labda kweli kuna kitu nakitia bila kujua?"

Wasikilizaji, mimi hapo ndipo huwa nakasirika. Mtu anafikishwa mahali anaukagua mkono wake mwenyewe.

Tarsisi na wazee wenzake wakamtafuta mnyoaji. Mnawajua hawa. Anakuja na wembe na dawa yake, anayetuhumiwa ananyolewa nywele mbele ya watu na kunyweshwa, eti uchawi utoke. Akishanyolewa, basi. Nywele zitaota, lakini hakuna atakayekula kwake tena. Hata binti yake akikua, wachumba watauliza, si yule mtoto wa aliyenyolewa? Wakapanga iwe Jumapili ya sengu. Wolfgang aliambiwa. Hakukubali. Lakini hakukataa pia.

Asubuhi ya Jumapili hiyo Tarsisi alimwendea kaka yake akamnong'oneza, "Kaka, anayekumaliza tumeshamjua. Leo tunamaliza sisi." Akamweleza yote.

Fikirieni huyu mzee. Siri yake imebaki salama. Hakuna aliyesema ini, hakuna aliyesema komoni. Akinyamaza tena, atabaki katekista safi. Aliniambia mwenyewe, mwaka jana, tulipokaa kwenye kibaraza chake: "Tadea mwanangu, nilienda kanisani nikashindwa kuongoza sala. Kila nikifumba macho namwona yule mjane na vyombo vyake kichwani. Na nilijua kabisa kwamba naweza nisiseme."

Oliva naye alishafunga begi. Gari la kushuka ziwani lilipita, akalisikia likipiga honi, akaliacha. "Nikikimbia, Glorious atabaki na jina la mtoto wa mchawi," anasema. Akawasha moto. Akapika. Kwa hofu aliyokuwa nayo akamwaga mafuta kuliko siku zote.

Mchana wakakaa. Mabakuli yakapangwa. La Oliva likawekwa chini, pembeni, na kifuniko chake. Mnyoaji amekaa kwenye kigoda, mfuko magotini. Oliva yuko nyuma ya ukuta wa jiko, amemshika mtoto. Nzi wanazunguka mabakuli.

Mzee Bartholomayo akainuka. Akaenda pembeni, akainama, akafunua lile bakuli. Akatia mkono.

Tarsisi akamdaka kiganja. "Kaka!"

"Niachie," Mzee akasema. "Kinachoniua kimo humu. Kweli kimo."

Oliva aliyasikia yote kutoka nyuma ya ukuta. Alisema moyoni, baba mwenyewe kanimaliza. Mnyoaji akafungua mfuko.

"Kimo humu," Mzee akaendelea. "Na kimo kwenye bakuli la mkeo, Tarsisi. Na kimo kwenye soda mnazoniletea kila mkija kunisalimia. Ni mafuta. Ni sukari. Ini langu limevaa mafuta, nimepigwa picha Litembo, nimeambiwa nile kidogo. Sikulishwa kitu na mtu. Naumwa. Naumwa tu kama watu wanavyoumwa."

Kijana mmoja, hakujizuia, akasema, "Katekista, ini?"

"Ini, ndiyo. Komoni sijaionja tangu nizaliwe. Anayetaka kucheka acheke, mimi niko hapa. Lakini mkamwana wangu hanyolewi."

Kisha akala. Alimega samaki wa Oliva na mafuta yake yote, mbele yao, akatafuna akiwa analia. Wolfgang akasogea, akala naye. Na mnyoaji? Mnyoaji, wasikilizaji wapendwa, alikula mabakuli yote, la Oliva akalirudia, akafuta mdomo, akaondoka na wembe wake. Tumbo halina adui.

Kesho yake asubuhi Mzee alifanya kitu ambacho Matiri walikizungumza kuliko hata sengu ile. Alikwenda mpaka mlango wa jiko la mkamwana wake, akapiga hodi, akaketi kizingitini. Oliva akapiga magoti, "Shikamoo baba." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Kaa. Nilikuwa nakutendea vibaya kwa kunyamaza. Nikueleze ninavyotakiwa kula."

Nawapa chakula chake, maana wengi mna wazee nyumbani. Asubuhi, kiazi kitamu cha kuchemsha, au uji wa ulezi usio na sukari. Na kahawa. Mzee alilima kahawa tangu utoto akaiuza yote, na sasa ndiyo akaanza kuinywa, chungu, bila sukari. Kikombe cha kwanza alikunja uso akasema, "Kumbe hiki ndicho Wazungu wanachotununulia? Nawaonea huruma." Lakini aliizoea, ikawa haimpiti.

Mchana, ugali wa dona, bonge moja saizi ya ngumi yake, si ngumi ya Wolfgang. Pembeni maharage ya kuchemsha, na likolo la nanyungu, yaani majani yetu ya maboga, mengi, yajae nusu ya sahani, yametiwa nyanya na karanga kidogo za kutwanga badala ya mafuta. Jioni, mbasa au dagaa wa ziwani, wa kuchemsha, na kitunguu, nyanya na ndimu. Kipande cha papai. Soda hakuna. Maandazi hakuna. Mafuta, kijiko kile kidogo, tena si kila siku. Na kila asubuhi kutembea hadi kwenye ngoro zake, yale mashamba yetu ya mashimo mlimani, polepole. Mimi si daktari. Mpelekeni mzee wenu apimwe, mwambiwe kinachomfaa yeye. Lakini mmesikia, hakuna hata kimoja hapo cha kuagiza mjini.

Oliva anasema, "Mwanzoni niliona aibu kumpikia mkwe chakula cha kuchemsha. Nilidhani watu watasema namnyima. Baba akawa anasema kwa sauti, jirani wasikie, 'Mama Glorious, leo umenipikia vizuri!' Alikuwa anapiga kelele makusudi." Alipopimwa tena, ini lilikuwa limepungua mafuta. Mektilda aliniambia alimkumbatia. Akaishi. Alimwona Glorious akipata komunio ya kwanza.

Sasa nirudi nilikoanzia. Mwezi huu, mchana. Oliva alimwekea chakula chake: dona, maharage, majani ya maboga. Mzee akala kidogo, akasema anapumzika. Alipokwenda kutoa sahani, Mzee alikuwa ameshaondoka. Mkono uko magotini, kichwa kimeegemea ukuta.

Nilimuuliza Oliva, ulifanya nini?

"Sikulia kwanza," akasema. "Nilifunika sahani. Ile iliyobaki. Nikaiweka katikati ya sebule, mahali kila anayeingia ataiona. Nikamwambia Glorious mtu asiioshe. Ndipo nikapiga yowe."

Mmemsikia? Baba yake amekufa, aliyempenda, na kabla ya chozi anafunika sahani iwe shahidi wake. Miaka yote ile imepita, na woga ulikuwa bado umekaa mle jikoni unamngoja.

Watu wakaja. Wakaiona. Hakuna aliyeuliza, wote wanajua. Walipita pembeni yake kama mtu anavyopita pembeni ya jeneza. Kisha akaingia Mzee Tarsisi. Alimtazama kaka yake. Akaitazama sahani. Akamtazama Oliva, amesimama mlangoni, kanga imekazwa kifuani, anamwangalia mikono.

Tarsisi akanawa. Akaketi chini, akafunua, akala. Ugali uliopoa, maharage, majani. Alikula mpaka akaifuta sahani kwa kidole, akampa Oliva mkononi, akamwambia, "Asante, mwanangu. Umemtunza kaka yangu." Ndipo Oliva akalia.

Kwa niaba yangu na ya wenzangu wote hapa studioni, tunatoa pole kwa Oliva, kwa Wolfgang, kwa Glorious, kwa Mzee Tarsisi na ukoo wote wa Matiri, na kwa waumini aliowafundisha sala. Raha ya milele umpe, ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie.

Na wewe uliye na sahani mbele yako. Angalia mezani. Kama kuna mzee amekula nusu akasukuma bakuli, usimtazame aliyepika. Mtazame mzee. Muulize, baba, mama, unaumwa wapi? Muulize leo, kabla vyombo havijaoshwa.